Gari Linaloshuka Moshi Mara Moja kwa Mwaka

Lusaka,
Jumapili, Januari

Mdogo wangu Prosper,

Kaa chini kwanza. Barua zangu tatu za mwaka jana najua ulizisoma ukiwa umesimama, unazunguka uani, unajibu kwa sauti kama vile nakusikia. Mama aliniambia. Hii isome umekaa. Na kabla hujaendelea, mpe Mama shikamoo yangu, umwulize mguu umeuonaje mwaka mpya, na kama ile dawa niliyompa mtawa wa Kibosho ailete ilifika au iliishia njiani. Je, vuli ilitosha kahawa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Nijibu yote haya, usinijibu kwa neno moja kama ulivyozoea, "wazima". Hata mawe ya mfongo wetu wa maji ni mazima.

Mimi sijambo. Mvua huku inanyesha kila alasiri, na udongo wa Lusaka ukilowa unanata kwenye viatu kama deni. Chuo kimefunguliwa. Bado nafundisha historia kwa watu wazima wanaokuja jioni wakiwa wamechoka na kazi, na bado nimekosana na mkuu wa chuo, safari hii kwa sababu anataka nifundishe uhuru wa Afrika kwa muhtasari. Nimemwambia watu hawakufungwa jela kwa muhtasari. Nadhani ataniita ofisini wiki hii. Usimwambie Mama.

Barua yako imenifika pamoja na ile fomu. Nimekaa nayo majuma mawili mezani, nimeigeuza uso chini ili isinitazame. Leo nataka kukujibu, lakini wewe unanijua, siwezi kufika nyumbani Uru bila kupita kwanza Tarakea, mpakani kabisa. Univumilie.

Jumanne iliyopita nilikwenda kulipia bima ya kigari changu. Huku nako Januari ni mwezi wa kupanga mstari. Unapanga wa bima, ukitoka hapo unapanga wa leseni ya barabara, na wa leseni hawakutazami kama huna karatasi ya bima, na wa bima hawakutazami kama huna kadi ya gari, na kadi yako mwaka huu ina doa la chai, kwa hiyo rudi kesho. Nilipofika dirishani nikamwambia karani kwamba gari langu lililala miezi minne kwa kukosa betri, sasa nalipiaje mwaka mzima? Kijana mpole kweli, akaniambia, "Mama, bima hailipii kutembea. Inalipia uwezekano wa kutembea."

Nikamwuliza kama mshahara wake nao unalipwa kwa uwezekano wa kufanya kazi.

Mzee mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mama, lipa tu. Ukishinda hoja hiyo sisi wote tutalala hapa."

Nililipa. Lakini nikiwa nimesimama pale, harufu ya gundi na wino wa mihuri ikinijia puani, Prosper, sikuwa Lusaka tena. Nilikuwa Moshi, nimeshika bahasha ya kaki ya Baba, na Baba yuko mbele yangu na koti lake la kwenda kanisani. Maana Baba hakuwa akienda kulipia gari na nguo za shamba. Alikuwa akisema serikali ni kama mkwe, humwendei na matope.

Unakumbuka Landrova ilipokuja? Ulikuwa mdogo. Baba aliinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake na kurudi kwao, mwaka ule kahawa ilipolipa. Ilipanda kutoka Rau inaunguruma hata migomba ikatikisika, na Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaizunguka mara moja, akasema, "Linakula nini?" Hilo ndilo swali la maana kuliko yote aliyoulizwa Baba kuhusu gari lile, na hakulijibu mpaka anakufa. Lilikula petroli, sawa. Lakini kila Januari lilikula pia leseni, bima na ukaguzi, na kwa muda mrefu nilidhani hayo ndiyo maendeleo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa raha, lazima niseme. Nilikuwa mwalimu mpya, nina mshahara na kiburi, na Baba alinichukua kila mwaka nikamsomee fomu. Tulishuka asubuhi, mlima umefunguka wote nyuma yetu, theluji inang'aa, na gari linanuka kahawa mbichi na majani ya ndizi yaliyolowa. Wakala wa bima alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Bima aliiandika juu ya meza ile ile aliyokatia khanga, na akimaliza anakupa kipande cha sukari guru. Sikatai kwamba serikali kutaifisha bima kulikuwa haki. Nililitetea jambo lile barazani hadi nikapoteza marafiki, na ningelitetea tena leo. Lakini haki haikuwa na sukari guru. Ilikuja na dirisha lenye kitundu kidogo, na ukitaka kusikiwa lazima uiname.

Nataka kukusimulia siku moja ambayo hukuiona, maana ulikuwa shuleni Tabora. Ilikuwa miaka ile ya kila kitu kwa kibali. Sabuni kibali, bati kibali, na tairi, hata ukiwa na kibali, huna tairi. Landrova ilikuwa na magurudumu yaliyoisha kabisa, unaona nyuzi. Betri imekufa. Kioo cha pembeni kilichukuliwa na tawi la mparachichi. Na ukaguzi ni Jumatatu.

Jumamosi baada ya kazi ya mfongo Baba aliwaambia wenzake tu, kama mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko, "Gari linashuka Jumatatu." Jumapili baada ya misa wakaanza kuja. Mzee Gaudensi wa ng'ambo ya mto akaja na tairi mbili za gari lake, anazivingirisha mwenyewe. Moja ikamponyoka pale penye mteremko, ikapita katikati ya kahawa ya shangazi, ikaruka mfongo, ikaenda kulala kwenye zizi la mbuzi. Shangazi alipiga kelele ukadhani ni vita. "Gaudensi! Umeshindwa kufunga ng'ombe wako, sasa unafungulia na magurudumu!" Padre akatuma betri ya gari la parokia. Mwenye bucha akaleta kioo cha pembeni na wipa, na kabla ya kuviachia akamwapisha Baba mara mbili. Saa kumi jioni gari lilikuwa limevaa kama bwana harusi aliyeazima suti, kila kitu cha mtu mwingine.

Jumatatu tukafika kwa mkaguzi. Trafiki mnene, mtaratibu, mtu wa Ukerewe kwa matamshi yake. Akalizunguka gari. Akasimama kwenye tairi ya mbele, akaigusa kwa ncha ya kiatu, pale penye kiraka chekundu.

"Mzee. Tairi hii nimeikagua wiki iliyopita."

"Inawezekana, afande."

"Kwenye gari jingine."

"Ni tairi ya majirani, afande."

Akafungua boneti. Betri ilikuwa na msalaba mweupe wa rangi. "Na betri?"

"Ya kanisa."

"Kioo?"

"Cha bucha."

Yule trafiki akafunga boneti polepole, akamtazama Baba na koti lake la kanisani. "Sasa mzee wangu, katika gari hili wewe chako ni nini?"

Baba akasema, "Breki, afande. Breki ni zangu."

Nakwambia askari yule aliegemea gari akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akaacha kucheka, akaingia mwenyewe, akaliendesha mpaka kwenye mteremko wa chini, akafunga breki kwa ghafla, na gari likasimama kama nyumbu. Akatoka, akagonga muhuri. Akasema, "Haya mengine yarudishe kwa wenyewe. Hizo breki usimwazime mtu."

Ungedhani shida imekwisha. Dirisha la bima likatungoja. Karani anauliza bila kuinua macho, "Matumizi ya gari?" Na Baba, ambaye hakuwahi kudanganya hata kwenye mizani ya kahawa, akainama kwenye kitundu akasema ukweli wote. "Kubeba wagonjwa. Kahawa ya jirani. Maharusi. Na maiti, tukipata msiba."

"Basi hilo ni gari la biashara. Bima yake ni kubwa."

"Simtozi mtu."

"Kama humtozi, unawabeba kwa nini?"

Hapo mimi nikaingilia. Nilikuwa na umri wako wa sasa na nimetoka kusoma vitabu vingi kuliko vilivyonisaidia. Nikamwambia karani kwamba redioni kila asubuhi tunaambiwa kubebana ndiyo siasa yetu, ukutani pake pana picha na maneno yanayosema hivyo hivyo, sasa mbona kwenye fomu yake kuna kisanduku cha biashara na kisanduku cha binafsi, na cha kubebana hakipo? Taifa zima la ujamaa limeshindwa kupata nafasi ya mstari mmoja? Watu kwenye mstari wakaanza kuitikia. Karani akanitazama. "Binti, unataka bima au unataka mkutano wa hadhara?"

Baba akanikanyaga mguu. Kwa kisigino. Akamwambia karani, "Andika binafsi."

Tukavuka mto, tukaanza kupanda. Baba akasema kwa Kichagga, kisha akarudia kwa Kiswahili kama vile anataka na gari lisikie, "Leo nimeandikwa mchoyo kwa muhuri wa serikali." Na jioni ile ile alikuwa amembeba mke wa mwenye bucha kwenda kujifungua. Tairi za Gaudensi zilirudi kwake asubuhi iliyofuata.

Nimekusimulia yote haya ili uelewe nilikuwa napigania nini. Baba alipoanza kuugua, akaita watu, akagawa. Wewe, mtoto wa mwisho wa kiume, nyumba na kihamba, shamba lote la ukoo, ni vyako, kama ilivyo kwetu. Mimi binti, mila haikunipa hata mgomba mmoja. Juu ya mila hiyo nina maneno mengi na siku yake itafika. Lakini Baba alinitazama, akatoa kadi ya gari chini ya mto, akasema, "Landrova andikisheni kwa Felista. Yeye anajua madirisha yao." Ndicho kitu pekee cha Uru chenye jina langu, Prosper. Nikiwa huku, nikiulizwa kwetu ni wapi, nilikuwa najibu moyoni: kwetu ni pale gari langu lilipo.

Kwa hiyo ulipoandika mara ya kwanza kwamba limekaa juu ya mawe na unaomba nitie sahihi lifutwe, nilikuita mchoyo. Mara ya pili nilikuita mlanguzi, kwa sababu ulisema kuna fundi wa Shirimatunda anayetaka injini aitie kwenye gari lake la kwenda Tarakea, sasa mpaka umefunguliwa. Mara ya tatu sirudii nilivyokuita. Nikakuagiza kwamba gari la Baba lilipiwe kila mwaka, leseni na bima, nikiwa hai. Na wewe ukatii. Tangu Baba afe, kila Januari unaenda kuazima tairi kwa Mzee Gaudensi, betri kwa Padre mpya ambaye hata hamfahamiani vizuri, unalivalisha, unalishusha Moshi, linakaguliwa, linakatiwa bima, linapewa leseni, unalipandisha, unarudisha vya watu, unaliweka tena juu ya mawe yake mpaka Januari nyingine. Gari linatoka mara moja kwa mwaka kwenda kuomba ruhusa ya kutoka.

Nilipokuwa nikisoma barua zako hilo sikuliona. Mimi, ambaye naona makosa ya watu mpaka gizani.

Katika barua yako ya sasa umeniandikia mambo matatu, kwa maneno machache kama kawaida yako. Kwamba safari hii Mzee Gaudensi amekataa kwa upole, amesema, "Prosper, tairi zangu ni nzee, zikishuka zishuke na mtu mgonjwa." Kwamba ndama wa yule ng'ombe wa madoa umemuuza kulipia leseni. Na kwamba gari limekaa pale pale unapotaka kujenga, maana huwezi kumleta mke ndani ya nyumba ya Mama, na wazazi wa Imelda wameshauliza mara mbili nyumba iko wapi. Chini kabisa umeandika aliyosema Mama: "Mwambie dada yako gari halipiki wala halizai."

Sikulia. Nilikasirika, nikaamua kuandika makala ya gazeti. Unajua ndiyo dawa yangu. Juzi darasa la jioni lilipoahirishwa nikakaa mezani, nikaanza kuwasulubu watu wa leseni na bima wa nchi zote mbili. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nikaandika: "Ni dhuluma kumtoza mtu maskini kila mwaka kwa kitu kisichomsaidia, eti kwa sababu mwenye mamlaka aliye mbali anataka karatasi zake ziwe sawa."

Nikaisoma. Nikaisoma tena. Kalamu ikakauka mkononi.

Mwenye mamlaka aliye mbali ni nani? Anayekuandikia kila mwaka kudai ni nani? Ofisi ya Moshi ilikwambia mwenye gari akitia sahihi basi, hutadaiwa tena. Aliyekataa sahihi si ofisi. Nimetafuta kosa la mtu mwingine kila pembe, nimetafuta kwa bidii, nakuapia, na sijalipata. Baba alilipia gari lile kila mwaka kwa sababu kesho yake lilikuwa linabeba mtu. Mimi nimekulipisha ili nisimwage machozi Lusaka.

Makala nimeichana. Si kwa sababu haikuwa kweli. Nitaiandika tena siku nitakayokuwa na haki ya kuiandika.

Ningekuwa karibu ningefanya inavyopasa. Ningekata jani la sale pale mpakani mwa kihamba, nilifunge fundo, nimpe baba mdogo akuletee, nawe ungelipokea, maana hakuna Mchagga anayerudisha jani la msamaha likishafika mlangoni. Huku wanapanda sale kwenye makopo mbele ya mabenki, eti mapambo. Nilitazama moja jana, nikakaribia kabisa, askari wa mlangoni akanikodolea macho. Sikukata. Jani la benki haliwezi kuombea msamaha.

Msalimie Baba mdogo, umwambie kifua asikichezee. Msalimie shangazi yetu mwenye kahawa ile iliyopitiwa na tairi, na mwanawe fundi cherehani aliyenishonea gauni la safari. Mzee Gaudensi mpelekee salamu zangu kwa heshima, na umwambie alichosema kuhusu tairi zake nimekiandika kwenye daftari langu, mahali ambapo huwa naandika maneno ya watu wakubwa. Padre mpya mwombe radhi ya betri. Na Imelda, wifi yangu mtarajiwa, mwambie wifi yake anagomba sana lakini haumi. Wazazi wake wakiuliza mara ya tatu, waonyeshe msingi.

Injini mpe fundi wa Shirimatunda. Bei yake ni ya bati zako, sitaki hata senti. Fomu iko humu ndani ya bahasha. Nimetia sahihi mara tatu, kila mahali walipotaka, na kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo kwa kawaida hakuna ofisi inayolipata kwangu. Pale palipoandikwa "Sababu ya kufuta gari" waliacha nafasi ndogo sana, kama kawaida yao, na safari hii ilinitosha. Nimeandika: Mdogo wangu anaoa.

Karani akisema hiyo si sababu, usibishane naye. Mpe anwani yangu.

Dada yako,
Felista